Uchovu wa Huruma ni Jeraha la Kazini: Barua ya Wazi kutoka Mjambere

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa;
Kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti;
Kwa wakuu wa mashirika yanayohudumia wagonjwa, watoto na waraibu Kisauni, Likoni na Changamwe.

Waheshimiwa,

Uchovu wa huruma humpata mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza, kutibu au kuokoa walioumia, akaifanya kwa muda mrefu bila kupumzishwa wala kuangaliwa, hadi uwezo wake wa kuhisi maumivu ya mwenzake ukafifia au ukamgeukia mwenyewe. Humpata muuguzi wa wadi ya wazazi, afisa wa watoto, mshauri nasaha, mhudumu wa mochari, mzamiaji anayetafuta maiti baharini, na mama wa mtaani aliyekabidhiwa begi la afya ya jamii. Usingizi hukatika. Sura ya mgonjwa humrudia mtu akiwa mezani na watoto wake. Hasira huwa karibu, wateja wa aina fulani hukwepwa, mtu huchelewa kazini makusudi. Mwisho moyo hufa ganzi: habari ya mtoto aliyenajisiwa husikika kama bei ya nyanya.

Hali hii haikubuniwa na wavivu. Carla Joinson, muuguzi wa Marekani, aliandika kuihusu mwaka 1992 baada ya kuwachunguza wauguzi wa idara za dharura, na mwaka 1995 mwanasaikolojia Charles Figley akaitolea kitabu kizima. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uitwao DSM-5 ulikubali kwamba mtu anaweza kupata ugonjwa wa kiwewe kwa kukutana mara kwa mara na mateso ya wengine kazini. Mifano iliyotajwa humo ni waokoaji wanaokusanya mabaki ya maiti na polisi wanaosikiliza kesi za watoto waliodhulumiwa. Wala uchovu wa huruma si sawa na kuchoshwa na kazi kwa jumla. Kuchoka huko hutokana na wingi wa kazi, na huja polepole. Uchovu wa huruma hutokana na kile kilichomo ndani ya kazi, kwa hiyo mshauri mwenye wateja watatu tu kwa siku anaweza kuupata ikiwa wote watatu ni watoto waliobakwa.

Barua hii inashikilia kwamba uchovu huu ni jeraha la kazini. Linaletwa na jinsi kazi ilivyopangwa, na dawa yake iko mikononi mwa anayeipanga. Malalamiko na maombi ni haya yafuatayo.

1. Mhudumu wa Mjambere, wadi ya Kisauni, hana mlango wa kufunga.

Maandishi mengi ya kitaalamu kuhusu uchovu huu yanamfikiria mfanyakazi wa ofisini: saa kumi na moja anazima taa, anafunga mlango, anakwenda kwao. Kisauni haiko hivyo. Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti ndogo hii watu 291,930, zaidi ya kaunti ndogo nyingine yoyote ya Mombasa, na wanaowahudumia mlango kwa mlango ni majirani zao. Mhudumu wa afya ya jamii amepangiwa takriban kaya 100, na yeye mwenyewe anaishi katikati ya kaya hizo. Anakutana na wateja wake kisimani, dukani, msikitini, harusini na matangani. Namba yake ya simu inajulikana na kila mtu.

Jioni ya kawaida huenda hivi. Mhudumu ameshainjika chakula, hodi inapigwa. Ni mama kijana na mtoto anayelegea. Begi linafunguliwa: mashine ya shinikizo la damu, kipima sukari, kipimajoto, na utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto. Utepe unaangukia kwenye nyekundu. Mtoto anatakiwa hospitalini usiku huohuo na mama hana nauli, basi mhudumu anatoa ya kwake, anaita tuktuk, anawasindikiza hadi barabarani. Akirudi, chakula kimeungua na mumewe amenuna. Anafungua simu aingize taarifa. Fomu inataka umri wa mtoto, kipimo cha mkono na kituo alikopelekwa. Hakuna nafasi ya kuandika kwamba huyu ni wa pili juma hili, na kwamba yule wa kwanza amezikwa jana.

Hapo hayajatajwa mapanga. Katika miaka ya karibuni magenge ya vijana yamekuwa yakivamia wakazi wa Kisauni na kuwakata. Anayemfunga aliyekatwa na anayemtembelea mama wa aliyekata huenda akawa mhudumu yuleyule, katika uchochoro uleule. Unga, yaani heroini, nao umo. Kisauni ina kliniki ya methadoni, na waelimishaji rika wanaowatafuta mateja maskani kuwashawishi waanze dozi wengi wao waliwahi kuwa waraibu. Kila rafiki anayezidiwa na unga akafa ni maiti ya mteja, na ni picha ya kile ambacho kingempata mwelimishaji mwenyewe.

Ombi la kwanza, basi, ni zamu. Wahudumu wawili wa maeneo jirani wapokezane simu za usiku na za mwisho wa juma, na kila kaya iambiwe wazi ni namba gani inapigwa lini. Pamoja na zamu kuwe na akiba ndogo ya nauli za dharura katika kila kituo cha afya, itolewe kwa ujumbe wa simu na kuhesabiwa mwishoni mwa mwezi. Kutoa nauli mfukoni mwako kila mara ni mzigo wa fedha, lakini kinachochosha zaidi ni kuamua kila usiku ni mtoto wa nani atakayepata nauli.

2. Sheria inamlinda mwajiriwa, na mhudumu huyu haitwi mwajiriwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Serikali ya kitaifa ilipozindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii Septemba 2023, ilitangaza posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Ukigawanya kwa kaya 100, ni shilingi 50 kwa kaya kwa mwezi. Safari moja ya tuktuk na mgonjwa inazimaliza. Anayelipwa posho huhesabiwa kuwa amejitolea, na aliyejitolea haombi likizo. Matokeo yake ni kinyume: aliye karibu zaidi na mateso ndiye aliye mbali zaidi na kinga.

Kifungu cha 41 cha Katiba hakibagui hivyo. Kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki katika mambo ya kazi. Kaunti haihitaji kungoja Bunge la Kitaifa. Waraka wa idara unatosha kuweka siku ya mapumziko kwa juma, mapumziko ya mwaka ambayo hayakatwi kwenye posho, na tarehe moja ya mwezi ambayo posho haipiti. Malalamiko ya posho kucheleweshwa yamesikika katika kaunti kadhaa tangu mpango uanze. Anayepigwa kalenda kuhusu shilingi 2,500 huku akizika watoto wa jirani hujifunza upesi thamani anayopewa.

Hapa panahitajika pia neno kuhusu thawabu. Pwani hii watu husema, na husema kwa imani ya kweli, kwamba malipo ya anayewasaidia wanyonge yako kwa Mungu. Maneno hayo yana mahali pake msikitini na kanisani. Yakitoka kinywani mwa mwajiri ni njia ya kukwepa deni.

3. Anayeumia wa pili ni mgonjwa.

Huduma mbaya nyingi ambazo wananchi huzilalamikia kama ukali wa tabia ni uchovu huu ukiwa umevaa sare. Mradi wa Heshima, ulioendeshwa Kenya kati ya 2011 na 2014 katika vituo 13 vya kujifungulia, uliwauliza akina mama walipokuwa wakitoka hospitalini. Mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa: kwa matusi, kwa kupuuzwa, kwa kuvunjiwa siri au kwa kushikwa kwa nguvu. Mradi haukuishia kuwakemea wauguzi. Miongoni mwa hatua zilizochukuliwa ilikuwa ushauri nasaha kwa watoa huduma wenyewe, na vipimo vya baadaye vilionyesha kiwango kimeshuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Haisemekani kwamba ushauri peke yake ndio ulioleta nafuu hiyo, kwa sababu hatua zilikuwa kadhaa. Lakini waliobuni mradi walielewa kwamba muuguzi aliyekauka hawezi kuamriwa awe na upole.

Kwa Kisauni maana yake ni rahisi kuiona. Mama aliyefokewa kliniki hajifungulii hapo mara ya pili, na msichana aliyesikilizwa nusunusu haendi kutoa ushahidi. Teja aliyesimangwa dirishani harudi kesho kuchukua dozi.

4. Semina ya siku moja si tiba.

Njia iliyozoeleka ni hii: tukio baya limetokea, wahudumu wanakusanywa hotelini, mtaalamu anawataka kila mmoja aeleze alichokiona, chai inanywewa, orodha ya mahudhurio inatiwa saini, nauli inarudishwa. Ripoti inaandikwa kwamba wafanyakazi wamepewa msaada wa kisaikolojia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2002 yalipata kwamba kikao kimoja cha kumtaka mtu asimulie tukio mara baada ya kulipitia hakizuii kiwewe, na kwa baadhi ya watu kinaweza hata kukizidisha. Shirika la Afya Duniani nalo halikishauri. Pamoja na hayo kinaendelea, kwa sababu ni rahisi kukipigia picha.

Hatari nyingine ya semina ni somo lake. Wahudumu hufundishwa kupumua kwa kina, kulala mapema, kunywa maji na kufanya mazoezi. Si ushauri mbaya. Mtu anayejua dalili zake, aliye na mwenzake wa kumwambia ukweli, anayefanya ibada yake au kwenda kutazama mpira bila simu, huchelewa kuanguka kuliko asiye na chochote. Tatizo ni kwamba kila moja ya mambo hayo linahitaji muda, na muda ndio alionyimwa. Kumfundisha kulala mapema mtu anayegongewa mlango saa sita ya usiku ni kumtwika lawama ya kosa la ratiba.

Fedha za semina hizo zigeuzwe ziwe vikao vinavyoelezwa hapa chini.

5. Kinachosaidia kinajulikana, na Kenya imewahi kukifanya.

Ushauri na upimaji wa hiari wa virusi vya ukimwi (VCT) ulipoanzishwa nchini mwaka 2001, waliouandaa walijua kwamba mtu anayewapa watu habari ya virusi siku nzima, enzi ambayo dawa zilikuwa haba, hatadumu bila kusikilizwa naye. Usimamizi wa washauri ukafanywa sehemu ya mpango: washauri hukutana mara kwa mara chini ya mshauri mwenye uzoefu, kuzungumzia kesi zinazowalemea. Uzoefu huo ungalipo vichwani mwa washauri wengi wa Mombasa. Haukupelekwa kwa waliokuja nyuma yao.

Neno usimamizi linaponenwa katika vituo vya afya siku hizi, picha inayokuja ni ya maafisa wanaoteremka garini na orodha ya kukagua rejista. Hicho ni kitu kingine. Kinachoombwa hapa ni kikao cha saa moja na nusu, kila mwezi, watu wanane hadi kumi, kikiongozwa na mshauri aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, asiye na mamlaka ya kumpandisha cheo wala kumwandikia barua ya onyo yeyote aliyemo. Kifanyike ndani ya saa za kazi. Jina la mtu lisitoke nje ya chumba. Takwimu pekee ya kupelekwa idarani iwe idadi ya vikao vilivyofanyika.

Hospitali kubwa nazo zina mfano wa kuiga. Mwaka 1997 Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, ilianzisha mikutano kwa kumbukumbu ya mwanasheria Kenneth Schwartz, mgonjwa wa saratani aliyekuwa ameandika jinsi wema wa wahudumu ulivyompunguzia maumivu. Daktari, muuguzi, mfagizi na dereva wa ambulensi huketi pamoja kuzungumzia namna kesi fulani ilivyowagusa, bila kujadili kama matibabu yalikuwa sahihi. Mikutano hiyo imeenea katika hospitali nyingi za Marekani na Uingereza. Haihitaji mashine wala dawa. Inahitaji chumba, saa moja, na mkuu wa hospitali aliye tayari kuketi na kusema kwamba na yeye amelemewa.

Kipimo pia kipo. Hojaji ya ProQOL, iliyotayarishwa na Beth Hudnall Stamm, ina maswali 30 yanayopima mambo matatu: ridhaa anayoipata mtu katika kuwasaidia wengine, kuchoka na kazi, na kiwewe kinachotokana na mateso ya wateja. Itolewe kwa Kiswahili chepesi mara mbili kwa mwaka, na majibu yawe mali ya mhudumu. Mwajiri akiyashika, hakuna atakayejibu ukweli.

Kwa atakayehitaji tiba hasa, iwepo njia ya kupata mtaalamu nje ya mazingira yake ya kazi. Kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya Port Reitz, Changamwe, kinafanya kazi muhimu, lakini mhudumu anaogopa kuonekana kwenye foleni na wagonjwa aliowasindikiza mwenyewe. Makubaliano na kaunti jirani ya Kwale au Kilifi yangetosha: wao watibu wa kwetu, sisi tutibu wa kwao.

6. Majanga huacha watu nyuma.

Pwani imeyazoea majanga kuliko inavyostahili. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na mtoto wake, na ikawachukua wazamiaji karibu majuma mawili kuwatoa. Aprili 2023 makaburi ya halaiki katika msitu wa Shakahola yakaanza kufukuliwa katika Kaunti ya Kilifi. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Kila mara taifa liliwatazama wafiwa, na ndivyo ilivyopasa. Lakini wapo waliochimba, waliobeba, waliohifadhi maiti katika mochari ya Malindi iliyofurika, na waliokaa kwenye meza ya Msalaba Mwekundu kuandika majina ya waliotafutwa na jamaa zao. Shughuli ya Shakahola iliendelea kwa miezi. Kazi ya namna hiyo haifai kufanywa na watu walewale tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Mpango wa dharura wa kaunti uandike hayo kabla ya janga lijalo: muda wa juu wa mtu kuwa eneo la maiti, siku za mapumziko baada yake, na kuulizwa hali baada ya mwezi, miezi mitatu na mwaka. Wapiga mbizi wa mtaani wanaoitwa tu kunapoharibika nao waingizwe.

7. Mikono imepungua, kazi imebaki.

Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wengi wa programu za ukimwi na afya nchini Kenya walirudishwa nyumbani. Wateja wao hawakwenda popote. Majalada yaligawanywa kwa waliobaki. Mashirika yanayoandikiwa barua hii hayakusababisha pigo hilo, ila kila mkuu anaweza kuamua kesho asubuhi kiwango cha juu cha kesi nzito kwa mtu mmoja, na kukataa kusaini lengo jipya la mfadhili lisilo na mtu wa kulitimiza. Wenye wafanyakazi 20 au zaidi wanatakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 kuwa na kamati ya usalama. Kamati hizo huzungumzia vizima-moto na glavu. Ziongeze kesi nzito kwenye ajenda.

8. Fedha na tarehe.

Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inaitaka kila kaunti itoe huduma za afya ya akili katika vituo vyake na kuzitengea fedha. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo inaviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato vinayokusanya. Kwa hiyo milango ipo miwili: fungu la bajeti ya kaunti kwa ajili ya vikao vya kila mwezi, washauri na nauli za dharura, na uamuzi wa kamati za vituo kuchangia sehemu ndogo ya mapato yao.

Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Fungu hili liingie katika mpango ujao likiwa na jina lake, si ndani ya neno mafunzo, kwa kuwa kilichofichwa ndani ya mafunzo hutoka kikiwa semina. Kabla ya hapo Kamati ya Afya iwasikilize wahudumu wenyewe katika kikao kitakachofanyika ndani ya wadi ya Mjambere, alasiri wanapokuwa wamemaliza mizunguko yao, bila wasimamizi wao kuwamo chumbani. Atakayetaka kutoa maelezo kwa maandishi bila jina aruhusiwe. Idara nayo itoe jibu lake kwa maandishi, libandikwe katika kila kituo cha afya cha Kisauni, likitaja ombi lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani.

Kwa heshima,
Mjambere, Kisauni

Nakala: Ofisi ya Mwakilishi wa Wadi ya Mjambere, kamati za usimamizi wa vituo vya afya, Kisauni.